Mato ni Yako, Usukani ni Wangu

Juzi, baada ya sala ya isha, kijana wa ndugu yangu alinikuta barazani kwetu Langoni, akaniamkia, akaketi, na baada ya kikombe cha pili cha kahawa akaniuliza jambo lililokuwa limemkaa moyoni. Wiki ijayo anapanda meli kwa mara ya kwanza akiwa kadeti wa sitaha, yaani mwanafunzi wa uofisa. "Ami," alisema, "nitafanyaje nionekane mtu wa kazi, na wakubwa wangu wasinione mtu wa kiburi?" Nilimjibu kwa maneno machache kwa kuwa usiku ulikuwa umekwenda, lakini nilipolala niliona kwamba jibu lile halikumtosha, na kwamba hayuko peke yake anayelihitaji. Tangu gati ya kwanza ya bandari mpya ilipofunguliwa pale Kililana mwezi wa Mei 2021, vijana wetu wa Lamu wanaziona meli kubwa kwa macho yao badala ya kuzisikia katika masimulizi ya waliokwenda Mombasa, na wengi wanatamani kwenda nazo. Ninaandika kwa ajili yake na kwa ajili yao.

Funzo langu la kwanza juu ya ngazi za amri sikulipata darasani. Nililipata katika mashua ya babu yangu mdogo, tulipokuwa tukipita mkondo wa Mkanda kuelekea upande wa Pate, maji yakipwa na mikoko ikiwa imetubana pande zote mbili. Nahodha huketi tezi, yaani nyuma, akishika usukani, na tanga likishajaa upepo humziba asione sehemu kubwa ya yaliyo mbele. Kwa hiyo mtoto huwekwa omo, mbele kabisa, na upondo, ule mti mrefu, mkononi, apime kina na kuitazama rangi ya maji. Nilikuwa na umri wa miaka 11. Niliona fungu la mchanga limeanza kuchomoza mbele yetu, na kwa hofu nikaona kwamba nikisema nitachelewa, basi nikautupa upondo, nikaruka juu ya mizigo hadi nyuma, nikaukamata usukani pamoja naye. Mashua iliyumba, tanga likapigapiga, tukapanda fungu na kukwama hapo kwa muda wa saa 4 tukingoja maji yajae. Mzee hakunipiga wala hakunifokea. Aliponiona nimetulia aliniambia kwa Kiamu chetu, "Mato ni yako, usukani ni wangu." Mato ndiyo macho.

Kwa miaka mingi niliyachukua maneno yale kuwa karipio la mtoto aliyejitia kwenye shughuli za wakubwa. Nilipokuwa kadeti ndipo nilipotambua kwamba mzee alikuwa amenikabidhi nusu ya chombo. Yeye hakuwa akiliona fungu, na bila mimi asingeliona mpaka tumeshalipanda. Mimi nililiona, lakini sikujua mashua imezama kiasi gani kwa uzito wa mzigo wa siku ile, wala mkondo unapinda wapi baada ya fungu, wala tanga litafanya nini usukani ukizungushwa ghafla. Kelele yangu moja ya "fungu, upande wa kushoto!" ingemfikishia yeye, mwenye kujua mambo hayo yote, kitu kimoja alichokikosa.

Katika meli ya chuma mgawanyo ni ule ule, ila ngazi zimeongezeka. Juu yuko nahodha. Chini yake yuko ofisa mkuu, mwenye dhamana ya shehena na kazi za sitaha, naye mara nyingi ndiye msimamizi wa kadeti. Ofisa wa pili hushughulika na ramani na mipango ya safari. Ofisa wa tatu hutunza vifaa vya kuokoa maisha na vya kuzimia moto. Na sitahani mabaharia huongozwa na serahangi, ambaye siku hizi karibu kila mtu humwita bosuni. Kadeti hana cheo kati yao. Yuko pale kwa sababu mkataba wa kimataifa wa mafunzo ya mabaharia wa mwaka 1978, unaojulikana kwa herufi STCW, unamtaka atimize si chini ya miezi 12 ya utumishi wa baharini katika mafunzo yaliyoidhinishwa na kuandikwa katika kitabu cha kumbukumbu, na katika miezi hiyo angalau 6 awe ameshiriki zamu za uongozaji wa meli chini ya usimamizi. Lakini ukitazama siku yake ilivyo, utaona kwamba asubuhi yuko na serahangi akikwangua kutu, mchana yuko na ofisa wa tatu wakikagua maboya ya kuokolea, usiku yuko katika chumba cha usukani na ofisa wa pili. Hakuna mtu mwingine melini anayepita mikononi mwa wote hao kwa siku moja, na kwa sababu hiyo kadeti huona mambo ambayo kila mmoja wa wakubwa wake, akiwa katika sehemu yake, huenda asiyaone.

Usiku ule nilimtolea kijana kitabu changu cha kumbukumbu akipekue. Ana jicho zuri, kwani hakuchukua muda kuona kwamba katika ukurasa wa kazi za kufunga meli gatini sahihi zote zina tarehe za mwezi mmoja, isipokuwa moja iliyowekwa miezi 2 baadaye. Akanionyesha kwa kidole na kuniuliza kwa nini.

Tulikuwa gatini tukishusha ngano, nami nilikuwa zamu na ofisa wa tatu. Siku zile zilikuwa za bamvua, maji makuu ya mwezi, na maji yalikuwa yakijaa kwa nguvu, na kwa kuwa shehena ilikuwa ikipungua, meli ilikuwa ikipanda kwa sababu mbili kwa wakati mmoja. Mtoto wa Lamu hafundishwi habari za bamvua. Nilitazama amari moja, yaani kamba nene ya kufungia meli, ya upande wa mbele, ile inayoizuia meli isisogee, nikaona imekaza mpaka nyuzi zake zinakamuka maji, na inatoa mlio mkavu kila wimbi dogo linapopita. Nilijua kwamba amari ikikatika katika hali ile hurudi nyuma kwa kasi inayoweza kumuua mtu. Redio ya mkononi ilikuwa kiunoni mwangu na ofisa wa tatu alikuwa upande wa pili wa meli akizungumza na msimamizi wa makuli. Sikuitumia. Nilijiambia kwamba nikimwita ataniona siwezi kazi, lakini akirudi akakuta jambo limekwisha ataniona ni kijana wa kutegemewa. Nikaifungua kidogo breki ya winchi, mtambo ulioishika kamba ile.

Ile "kidogo" yangu haikuwa na maana yoyote kwa kamba iliyobeba uzito wa meli. Amari ilitoka kwa kasi, na kabla sijaikaza breki tena meli ilikuwa imesogea mbele kiasi cha hatua 3. Ngazi ya kushukia iliburutwa juu ya gati, nayo wakati huo ilikuwa na kuli mmoja katikati yake. Ninamkumbuka hadi leo jinsi alivyoikumbatia kamba ya pembeni kwa mikono miwili, kofia yake ikaanguka majini kati ya meli na gati. Alishuka salama, alhamdulillahi, na hakuna aliyeumia.

Ofisa mkuu aliniita chumbani mwake. Hakupaza sauti. Alinitaka nimweleze kila kitu tangu mwanzo, bila kuruka kitu, kisha akaniambia kwamba nilichokiona kilikuwa kweli na kwamba kosa langu lilikuwa kukaa nacho peke yangu. Halafu akanieleza nisiyoyajua: kwamba dakika zile zile ofisa wa tatu alikuwa akipanga winchi za kushushia zisimame, mabaharia wawili waje, mtu mmoja awekwe kwenye ngazi asiruhusu yeyote kupanda, na amari zilegezwe kwa zamu, moja baada ya nyingine, kwa sababu ukilegeza moja peke yake uzito wake huhamia kwa zilizobaki. Mimi nilikuwa nimeona amari moja na yeye alikuwa akiziona zote. Sahihi aliikataa mpaka aliponiona nimesimamiwa kazi ile katika bandari 3 nyingine, na ndiyo maana tarehe yake imechelewa. Sijawahi kuona kwamba alinionea.

Ningetaka kijana aelewe kisa hiki kwa uangalifu, kwa kuwa ni rahisi kukielewa vibaya. Anayekisikia huweza kusema, basi kadeti asiguse kitu na asiseme kitu mpaka aambiwe. Hilo ndilo kosa la upande wa pili, nalo ndilo ninaloliogopa zaidi kwa vijana wetu. Tarehe 6 Machi 1987 meli ya abiria na magari iitwayo Herald of Free Enterprise iliondoka bandari ya Zeebrugge huko Ubelgiji milango yake ya mbele ikiwa wazi. Baharia aliyepaswa kuifunga alikuwa amelala chumbani mwake. Serahangi alikuwa mahali pale kabla ya meli kuondoka, akaiacha milango ilivyo kwa sababu kwa ufahamu wake kuifunga hakukuwa miongoni mwa kazi zake. Ofisa mkuu aliamini kwamba mhusika yuko njiani kuja kuifunga, akaenda mahali pake pa kazi wakati wa kuondoka. Nahodha naye, kutoka alipokuwa, hakuweza kuiona milango, na utaratibu wa meli ulikuwa kwamba asipoletewa habari ya tatizo huchukulia kila kitu kiko tayari. Maji yaliingia kwenye sitaha ya magari, meli ikalala ubavu dakika chache baada ya kutoka bandarini, na watu 193 wakapoteza maisha. Kila ninapokisoma kisa hiki huona kwamba ngazi za amri zilikuwapo zote, na kila mtu alikuwa amesimama kwenye ngazi yake. Kilichokosekana ni neno moja la kupanda juu: milango iko wazi. Ni baada ya msiba huo ndipo ulipozaliwa mwongozo wa kimataifa wa usimamizi salama wa meli, ulioanza kuwa wa lazima mwaka 1998, unaoitaka kila kampuni iandike nani anawajibika kwa nini na habari za hatari zipitie wapi.

Sisi watu wa pwani tunalo jambo letu hapa, na afadhali nilitaje waziwazi. Tumelelewa kuwa mtoto hampingi mkubwa, na kwamba anayengoja aulizwe ndiye mwenye adabu. Malezi haya ninayaheshimu na ninawalea wangu kwayo. Lakini nimewaona vijana wazuri kutoka kwetu wakiyapeleka melini mahali pasipo pake, wakaona jambo la hatari wakanyamaza, kwa kuhofia kwamba kumwambia ofisa asichokiona ni sawa na kumwambia hajui kazi yake. Adabu ya melini huonekana katika namna ya kusema. Unamtaja mtu kwa cheo chake, unasema ulichokiona na mahali kilipo, unasema unachodhani kuwa maana yake, kisha unamwachia yeye uamuzi.

Nilipata kulijaribu hilo miezi michache baada ya kisa cha amari, tukipita karibu na pwani ya magharibi ya India katika zamu ya saa 6 usiku hadi saa 10. Niliona mwanga mdogo mbele, ukawaka na kuzimika. Rada haikuonyesha kitu. Nikamwambia ofisa wa pili, "Ofisa, kuna mwanga upande wa kushoto, kama nyuzi 20, umewaka mara moja." Akatazama kwa darubini, hakuona kitu, akaniambia huenda ni mng'ao wa maji. Zamani ningeishia hapo. Lakini nimekulia kati ya wavuvi, na ninajua kwamba mwenye dau dogo huiweka tochi yake kando na kuimulika tu anapoona meli inamkaribia. Hata kanuni za kuzuia migongano baharini zinakiruhusu chombo cha tanga chenye urefu usiofika mita 7 kuwa na tochi au taa ya mkono tayari badala ya taa za kudumu. Tena mbao hazirudishi vizuri mawimbi ya rada. Ulipowaka mara ya pili nilisema, "Ofisa, umewaka tena pale pale, nao hausogei pembeni. Nadhani ni mvuvi, na kwetu wavuvi hufanya hivyo. Ninaomba tutazame kabla hatujakaribia." Neno lile la "hausogei pembeni" ndilo lililomgeusha, kwa kuwa kila baharia anajua kwamba kitu kinachokukaribia bila kubadili mwelekeo wake ni kitu mtakachogongana nacho. Akabadilisha mwendo kuelekea kulia. Baadaye kidogo tulipita mbali na mashua tatu za wavuvi zilizokuwa zimetega nyavu, na mmoja wao akatumulikia tochi mara kadhaa.

Mkono wangu haukugusa usukani usiku ule, na wala sikumpigia nahodha simu kumwambia kwamba ofisa wake haoni.

Mambo mengine ni ya kila siku na hayana hatari ndani yake, lakini ndiyo yanayomjengea kadeti jina. Nikiwa na ofisa wa tatu niliona kwamba tarehe za mwisho za fataki za ishara na za vifaa vingine vya uokoaji zimeandikwa katika daftari tofauti tofauti. Jioni, baada ya kazi, nikazikusanya katika jedwali moja kwa mpangilio wa zinazokaribia kwisha. Nilishawishika sana kulipeleka jedwali lile kwa ofisa mkuu, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akitia sahihi kitabu changu. Nashukuru kwamba nililipeleka kwa ofisa wa tatu. Vifaa vile ni dhamana yake, na lau ningempita, hata kama jedwali lilikuwa zuri, ningekuwa nimemfikishia mkubwa wake mashtaka ya kwamba daftari zake hazikupangwa. Alilikagua, akanirekebishia tarehe 2 nilizozikosea, kisha akalipeleka mwenyewe na kusema ni nani aliyelitengeneza. Tangu siku ile alinifundisha mambo ambayo hayakuwa hata kitabuni.

Jambo jingine dogo: kadeti hupewa amri na watu wengi, na amri hizo hugongana. Serahangi amekuweka kazini, mara ofisa mkuu anakuita ukasome alama za kina cha meli. Ofisa mkuu ni mkubwa zaidi, na utakwenda, lakini kabla hujaondoka mwambie serahangi unakwenda wapi na nani amekuita. Ni maneno matano tu. Usipoyasema, serahangi atakutafuta, na pengine ataanza kazi inayohitaji watu wawili akiamini bado uko nyuma yake.

Ziko pia nyakati ambazo kupanda ngazi moja moja si wajibu. Mtu akianguka baharini, unapiga kelele, unamtupia boya, na unaendelea kumwelekezea kidole usimpoteze machoni, bila kungoja ruhusa ya yeyote. Ukiona moto unabonyeza kengele. Ukiona kazi inakaribia kumuumiza mtu unasema "simama" kwa sauti, uwe kadeti au uwe nani. Lakini hata hapo kuna mpaka ambao ninamsihi kila kijana auweke kichwani kabla hajapanda meli. Ukimkuta mwenzako ameanguka ndani ya tangi au ghala lililofungwa, usiingie. Hewa tunayovuta ina oksijeni karibu asilimia 21, na katika tangi lililokaa muda mrefu likipata kutu, au ghala lenye shehena inayokula oksijeni, kiwango hicho huweza kushuka hadi mtu akapoteza fahamu kwa pumzi chache bila kunusa chochote. Mabaharia wengi waliokufa katika sehemu hizo waliingia kumwokoa mwenzao. Tangu mwaka 2015 kanuni zinataka mazoezi ya kuingia na kuokoa katika sehemu hizo yafanyike kila miezi 2, na sababu ni hiyo. Kupiga kengele na kubaki mlangoni huku rafiki yako amelala chini ni jambo zito kuliko kuingia, na ndilo litakalomwezesha kutolewa na watu wenye vifaa vya kupumulia.

Kijana aliniuliza pia, na hapa nilikaa kimya kidogo: je, ukisema na usisikilizwe? Nilimtajia El Faro, meli ya mizigo ya Marekani iliyozama katika kimbunga tarehe 1 Oktoba 2015 na watu wote 33 waliokuwamo. Kinasa sauti chake kilipotolewa chini ya bahari mwaka uliofuata, ilisikika kwamba usiku ule maofisa wawili, kila mmoja katika zamu yake, walimpigia nahodha simu wakamweleza hali ya kimbunga na kudokeza njia ya kusini, naye akashikilia njia aliyoichagua. Sipendi kuwahukumu marehemu, na nahodha ana haki ya uamuzi wa mwisho. Ninachokiona ni kwamba mtu huweza kuwa amesema bila neno lake kufika na uzito wake. Ikiwa unaamini kuna hatari ya maisha, sema mara ya pili kwa maneno mazito zaidi kuliko ya kwanza, taja neno hatari, omba mkubwa wako aje aone mwenyewe, na ofisa wa zamu asipokusikia mwambie yeye kwanza, usoni, kwamba unaomba nahodha aitwe. Maofisa wengi niliofanya nao kazi waliposikia ombi hilo waliinua simu wao wenyewe.

Alipokuwa akivaa viatu kuondoka, kijana alikumbuka swali la mwisho: serahangi atamwitaje, maana huenda akawa mtu wa makamo kama baba yake. Nilimwambia amwite bosuni kama wenzake watakavyomwita, amsalimu kila asubuhi kabla ya mtu mwingine yeyote, na atakapofika awe ameshachukua glovu zake na anauliza leo wanaanzia wapi. Kitabu changu amekwenda nacho. Anasema anataka kuusoma tena ukurasa wa amari kabla ya kusafiri.